Mjomba, Nimelifunga Jiko Lako

Mjomba,

Kabla hujaniuliza habari za nyumbani, nikuambie kosa langu kwanza. Nikianza na salamu nitaogopa, na barua itaishia kwenye salamu. Jiko lako nimelifunga. Nimelitia kufuli, na ufunguo ninao mimi. Sasa usinune. Kaa, nikueleze.

Najua shehe akisikia nakuandikia atasema marehemu haandikiwi barua, anaombewa dua. Dua nimekuombea. Alhamisi iliyopita tumekusomea Yasini, wali ukaungua chini, na Selemani mtani wako akatangaza mbele ya watu kwamba umeungua makusudi, umekataa kuiva bila wewe kuja kuuonja. Watu wakacheka, hata Mama Hidaya, mkeo, akajifuta machozi kwa ncha ya kanga, na mimi sikujua ni machozi ya kicheko au ya kile kingine. Lakini yapo mambo hayaingii kwenye dua, Mjomba. Nitamwambiaje Mungu habari za sidii za kompyuta?

Kwa hiyo nakuandikia. Nimekalia kiti chako cha plastiki, kile ulichokifunga waya mguuni, mchana kweupe, umeme upo, ajabu. Shani amelala mkekani. Ulimwacha anatambaa, sasa anakimbia, na ana neno la kila kitu. Kwa kuwa kila siku alikuwa anasikia "twende kwa babu", na akifika anakuta kompyuta, basi yeye kompyuta ndiyo babu. Juzi tumeingia ofisi moja kule bomani, akaona kompyuta mezani, akapiga kelele, "Babu! Babu!" Karani aliyekaa nyuma yake ni kijana hata ndevu hana. Alinuna, Mjomba, karatasi yangu akaigongea muhuri kichwa chini.

Baba Shani mzima. Korosho zimeanza kudondoka, anaokota tangu asubuhi, jioni anarudi anaulizia "hilo dude lenu" kama vile ni mke mwenza. Mimi mzima. Nina habari nyingine nzuri ya tumboni, lakini bado changa, sijamwambia mtu zaidi ya baba yake na wewe.

Nakukumbuka sana saa hizi za mchana. Nilikuja kwako kufagia, si unakumbuka? Mtoto wa dada yako, darasa la saba nimeshindwa, nimeolewa, nikasema nikamfagilie mjomba chumba chake cha mbele. Siku ya tatu ukaninyang'anya ufagio ukanipa mausi. Nikaishika kama panya kweli. Ukasema, "Asumini, darasa la saba linatosha kubonyeza kitufe. La nane ni la kujua wakati wa kutokubonyeza." Nikacheka. Sikujua kama hilo la nane ningelisoma wewe hupo.

Nitayataja unayoyajua, kwa sababu nikiyataja nakusikia.

Uliitengeneza programu yako, Kumbusho, ya kuwaambia manesi mtoto yupi anatakiwa chanjo lini, na huduma ya mkoba, ile ya kuwachanja watoto huko huko vijijini, itafika kijiji gani siku gani. Ukahangaika mpaka ukapata kompyuta tatu kuukuu za kupeleka kwenye zahanati tatu, moja upande wa Marambo, moja upande wa Kiegei, moja kule Ruangwa. Hapa nyumbani ukabaki na ya nne, na hiyo ilikuwa na kazi moja tu. Kila tulipobadilisha kitu, tarehe au jina la kijiji, yenyewe inakusanya vipande vyote, inaviunganisha, inavijaribu kama vinakubaliana, halafu inatoa programu nzima tayari kuingia kwenye sidii. Fundi Mbaraka, rafiki yako wa Dar es Salaam aliyekuja kuifunga, aliitaja kwa jina refu la Kiingereza. Wewe ukamkatiza: "Huyu ni mpishi tu." Tangu hapo ikawa Mpishi. Tarehe mpya ni unga. Kitufe ni moto. Programu ikiiva, tunapakua. Na kila chungu alichokipika, kiive kisiive, Mpishi alikipa namba yake, nami nikaiandika namba hiyo juu ya sidii kwa wino mzito, na kwenye daftari pia, kwa sababu ulinilazimisha. Nilikuona msumbufu. Nakuomba radhi.

Halafu yale maneno. Siku ile ulifungua ukurasa wa mipangilio ya Mpishi, adhana ikakukuta, ukaondoka kwenda kuswali ukauacha wazi. Nikabaki nautazama. Palikuwa na kiduara kimetiwa nukta, na mbele yake sentensi ya Kiingereza. Uliporudi nikakuuliza maana yake. Ulikuwa unatafuta kandambili yako ya pili, ukanijibu bila kugeuka: "Yeyote anaweza kufanya lolote."

Mjomba, mimi yale maneno niliyachukua kama maneno ya kanga. Nilijua kanga zina maneno yake. Nikasema kumbe na kompyuta wamezitia. Na maneno mazuri namna ile! Mimi, mwanamke wa darasa la saba, mtoto mgongoni, mashine kutoka huko kwa wenzetu inaniambia yeyote anaweza kufanya lolote. Nikayaandika kwa mkaa ukutani kwetu, juu ya mtungi. Nikawaambia wenzangu kisimani. Baba Shani akayasoma, akasema, "Basi yeyote huyo aanze kuchota maji." Lakini mimi yalinishika. Siku nikichoka nayatazama. Ulipougua, yalinisaidia. Ulipoondoka... yalinisaidia pia.

Kumbe.

Kuna mara nilikuuliza, mbona barua pepe inataka neno la siri na Mpishi hataki? Ukaniambia, "Ulishaona wapi jiko lina kitasa? Jirani akitaka moto aupate wapi?" Nikakubali, maana ni kweli. Kwetu jiko liko uani na mlango wake ni pazia la gunia. Jirani anaingia, anachota kaa la moto kwenye kigae, anasema "nimechukua" akiwa ameshatoka. Mwanamke anayelifunga jiko lake anasemwa: ama mchoyo, ama anapika asichotaka kionekane. Na wewe hukuwa mchoyo hata siku moja. Hata intaneti yako ilikuwa ya kuomba moto: waya ulitoka kwa Selemani, kwenye kafe yake, ukapita tundu la ukutani mlilolitoboa pamoja kwa nondo huku mkitukanana kitani, yeye Mmakonde na wewe Mmwera, mpaka majirani wakadhani mnapigana kweli.

Sasa nikuambie kilichotokea.

Ilikuwa arobaini yako imeshapita. Nilikuwa nimepeleka sidii za mwezi kama ulivyonifundisha, simu ikalia. Nesi Paulina wa upande wa Kiegei, yule anayezungumza Kiswahili chenye Kimakua ndani yake, anayekuita "mwalimu" mpaka leo. Akaniuliza, "Mama Shani, hii mliyoniletea ni programu ya chanjo au ya disko?"

Ameweka sidii, Mjomba, muziki umelipuka zahanati nzima, wagonjwa wameinuka kwenye benchi, na kwenye skrini yanapita maandishi mekundu: KARIBUNI KAFE YA SELEMANI, INTANETI KASI, BEI POA.

Nikacheka. Na yeye akacheka. Halafu akaacha kucheka.

"Sasa nisikilize, mdogo wangu. Tarehe zilizotoka humo ni za mwezi uliopita, na mimi nimezitangaza. Leo akina mama wamekaa pale shuleni tangu asubuhi wanaisubiri huduma ya mkoba isiyokuja. Mmoja ametoka kwake alfajiri, mtoto mgongoni, kwa miguu. Nimemwambia nini? Nimemwambia kompyuta imekosea. Ameniuliza, kompyuta ndiye nani?"

Nikamwomba anisamehe.

"Wiki ijayo ni chanjo ya surua," akasema. "Ikija mbovu tena, hii kompyuta naiweka kwenye boksi lake. Nitaendelea na daftari langu. Halipigi muziki, lakini halinidanganyi."

Nikakata simu nikakaa sakafuni. Nikamfikiria yule mama. Mgongo unaouma ninaujua, jua la njia ile ninalijua. Na nikaona kazi yako inarudi kwenye boksi mikononi mwangu mimi, niliyekuahidi pale hospitali kwamba haitalala. Wiki moja.

Nikafungua daftari. Chungu cha mwisho nilichokipika mwenyewe mwezi ule kilikuwa namba arobaini na moja. Nikamtazama Mpishi kwenye skrini. Arobaini na nne. Kuna vyungu vitatu vimepikwa na mimi sikuwasha moto, na cha mwisho ndicho nilichokipakua bila kuisoma namba, nikijua ni kile kile changu. Juu ya sidii nikawa nimeandika arobaini na moja kwa mazoea tu.

Nitakuambia jambo ambalo sijamwambia mtu. Nilipoiona ile namba, kitu cha kwanza nilichofikiri ni wewe. Nikafikiri umerudi. Umekuja kupika kidogo, umeshindwa kukaa. Mungu anisamehe, nilifurahi. Nilitazama hata mlangoni, Mjomba. Nikaona kandambili zako, zote mbili, pale pale zilipo.

Basi nikafuta uso, nikambipu Fundi Mbaraka.

Akanipigia. Nikamweleza. Akasema, "Dada, fungua ukurasa wa mipangilio. Umeuona? Niambie kiduara chenye nukta kimekaa mbele ya maneno gani." Mimi tena, sauti juu, kama mtoto aliyeulizwa swali analolijua: "Yeyote anaweza kufanya lolote!"

Upande wa pili kimya. Nikadhani vocha yake imekwisha.

"Dada," akasema taratibu, "hayo si maneno ya kanga. Hiyo ni ruhusa."

Akanieleza na nikaelewa, maana alinieleza kwa lugha yetu ya jiko. Mpishi anakuja hivyo kutoka kwa waliomtengeneza, mlango wazi, bila kuuliza jina la mtu. Wanafanya hivyo ili siku ya kwanza isiwe ngumu, halafu wanategemea mwenyewe ataufunga. Yeye Fundi alimwacha kama alivyokuja, kwa kuwa aliiona kompyuta imekaa peke yake chumbani kwa mzee mwenye heshima zake. Habari za waya wa Selemani hakuzijua, tundu mlitoboa yeye ameshaondoka. Na ule waya ndio ulioingiza mji mzima jikoni. Yeyote aliyekaa kwenye kompyuta yoyote ya kafe angeweza kumfungua Mpishi, akawasha moto, akaongeza kiungo, akapunguza kiungo. "Na shukuru ni muziki," Fundi akasema. "Mpishi anatii kila amri. Mtu angemwambia afute kila kitu, angefuta. Angemwambia atie sumu kwenye chungu, angetia, na wewe ungepakua kwa mkono wako mwenyewe ukazipelekea zahanati zote tatu, na kwa kuwa zinakuamini wewe zingekula."

Nilichukua kitambaa nikaenda kufuta yale maneno ya mkaa ukutani. Halafu nikayaacha. Nitakuambia mbele kwa nini.

Kwanza nilimfuata Selemani. Nikamkuta anakula mihogo. Nikamwambia, "Baba mdogo, umeingia jikoni kwetu?" Hata hakukana!

"Mimi mtani," akasema. "Mtani anapiga hodi? Nikitaka kuku wa marehemu nachukua, nani ananiuliza? Nimefungua kompyuta yangu mwenyewe nikakuta hicho kitu kinasema karibu. Hakikuniuliza jina, hakikuniuliza ukoo. Nikasema mtani wangu kanirithisha."

"Na tarehe?"

"Tarehe zipi? Kilikuwa kinagoma, kinasema kalenda haipo. Nikakitafutia kalenda nikakipa."

"Ukakipa ya mwezi uliopita."

"Kalenda si kalenda tu?"

Nikamweleza habari za yule mama aliyetoka alfajiri. Mjomba, unamjua Selemani, mdomo wake haujawahi kukosa neno. Safari hii uliacha hata kutafuna. Akausukuma muhogo pembeni. Akasema, "Nimepika viwili tu, Mama Shani."

"Vipo vitatu."

"Viwili. Wallahi. Kimoja kikagoma, cha pili kikaiva. Haki ya Mungu, mtani wangu aliyeko huko anisikie."

Tukatazamana. Watu wanaokaa kwenye kompyuta zake ni wengi, wa mji na wapita njia, yeye mwenyewe hawajui nusu yao. Aliyepika cha tatu hatujamjua mpaka leo, wala alichotia hatukijui. Hapo ndipo mimi na Selemani wote wawili tulipoacha mzaha.

Nikarudi na simu sikioni. Fundi akanielekeza: kwanza chomoa waya wa ukutani. Nikachomoa. Vunja vyungu vyote, usibakize hata kimoja, usijaribu kuonja uone kipi kizima. Nikafuta vyote, na sidii zote nilizozipakua nikatuma ujumbe zisiguswe. Halafu toa sidii ya asili ya kuanzia upya, ile yenye Kumbusho kabla halijaguswa. Ulikuwa umeificha kwenye kopo la biskuti, chini ya picha zako za jando, na maandishi yako juu yake: "Mbegu. Usile." Niliyasoma maandishi hayo kwa muda mrefu kuliko yalivyo, Mjomba.

Kisha tukafika kwenye kiduara. Fundi akasema, "Toa nukta hapo, weka kwenye cha chini." Mimi kwa haraka zangu nikatoa, nikaweka, nikabonyeza kukubali, kabla hajamaliza kusema, "Lakini kwanza uandike jina lako..." Skrini ikabadilika ikaniuliza mimi ni nani. Nikaandika Asumini. Ikanikataa. Nikaandika Mama Shani. Ikanikataa. Nikaandika jina lako. Ikakukataa na wewe, kwenye nyumba yako! Nimefunga mlango na mimi niko nje, na ufunguo haujachongwa bado. Fundi alicheka mpaka akakohoa, halafu vocha yake ikaisha kweli.

Mama Hidaya akanikuta nalia na kucheka kwa pamoja. Nikamwambia yote, mpaka lile lililokuwa linaniuma zaidi: kwamba mjomba alisema jiko halifungwi, na mimi nalifunga hata nyasi za kaburi lake hazijashika. Alikuwa anachambua mboga. Hakuinua kichwa. "Mume wangu alikuwa na maneno mazuri," akasema. "Lakini jiko langu mimi nalijua. Jirani anaingia kuchukua kaa la moto. Hajawahi kuingia jirani akakoroga mboga yangu. Siku akikoroga nitaweka mlango, na hata yeye angenishikia misumari."

Kweli si kweli? Ungezishika. Najua ungezishika.

Asubuhi yake Fundi akapiga tena. Akanielekeza kwenye faili moja ndani kabisa, lile linalomwambia Mpishi kama mlango umefungwa, nitafute neno la Kiingereza lenye maana ya "kweli", nilifute, niandike lenye maana ya "uongo". Nikamwambia, "Fundi, madrasa nimefundishwa miaka minne nisigeuze kweli kuwa uongo, leo unanigeuza?" Akasema, "Kwa dakika tano tu, dada, halafu utubu." Nikageuza. Mlango ukafunguka. Safari hii niliandika jina langu kwanza, nikachonga ufunguo, ndipo nikafunga. Nikatoka nje, nikabisha hodi, Mpishi akaniuliza jina, nikamtajia, nikamtajia na neno, akanikaribisha. Nilipiga kigelegele, Shani akapiga na yeye.

Waya tukaurudisha, na Selemani tukamfungulia jina lake. Anaweza kuchungulia Mpishi anafanya nini, hawezi kuwasha moto wala kukoroga. Ameridhika, ingawa anasema amezaliwa upya kama mkwe, si mtani tena. Na kile kiboksi chake cha mtandao chenye taa nacho Fundi alitaka tukiingie tukitie ufunguo mpya. Jina la kuingilia na neno la siri vilikuwa neno moja, lile lile lililochapwa chini ya kiboksi tangu kiwandani. "Mbona hukubadilisha?" nikamuuliza. Akasema, "Ndivyo kilivyokuja." Nikamwambia, "Na wewe ulikuja huna nguo, mbona umevaa?" Ungekuwepo, Mjomba. Ungekuwepo tu dakika ile moja.

Nikaandika tarehe za surua, kijiji kwa kijiji, Mama Hidaya ananisomea na mimi nabonyeza. Nikawasha moto. Mpishi akapika, akajaribu, akanipa chungu. Nikaisoma namba mara tatu. Ya Ruangwa niliipeleka mwenyewe juu ya lori la magunia ya ufuta, Shani katikati ya magoti, nikakaa pale mpaka nesi akaiweka nikaziona tarehe kwa macho yangu. Ya Marambo akaipeleka baba Shani kwa baiskeli, bila kulitukana dude hata mara moja. Ya Kiegei nikaibakiza ya mwisho, kwa kuwa niliiogopa.

Nesi Paulina akaiweka, akaziba masikio. Kimya. Kumbusho likafunguka polepole kama zamani, na jina lako pale chini. Akatoa vidole masikioni. "Hata salamu halinipi?" Nikamwambia, "Sasa hivi linawasalimia linaowajua." Akazilinganisha tarehe na daftari lake moja moja, kwa kidole, hakuniamini na hakunificha kwamba haniamini, na mimi nilimpenda kwa hilo. Alipofika mwisho alikunja daftari akasema, "Kesho njoo shuleni na mwanao."

Nikalala kwake. Kesho yake tukaenda. Gari la huduma ya mkoba likafika saa ile ile, na akina mama walikuwepo. Yule aliyetoka alfajiri alikuwepo, Mjomba. Mwembamba, mrefu, kanga ya kijani. Alikuja tena. Alinitazama mimi, akalitazama gari, akanitazama tena, kama mtu anayehesabu. Jina la mwanawe likaitwa. Mtoto akapigwa sindano, akalia kilio kikubwa, na mama yake akacheka, akanigeukia: "Wewe ndiye kompyuta?"

Nikasema ndiyo. 

Yale maneno ya mkaa bado yako ukutani kwetu. Nilitaka kuyafuta kwa hasira, nikasema hapana, nilifunga mlango mimi mwenyewe, mwanamke wa darasa la saba, kwa hiyo hayakunidanganya yote. Nimeongeza tu chini yake, kwa mkaa mwingine: "akipiga hodi."

Sasa nakuaga, Shani anaamka. Kaa salama huko, Mjomba. Mungu akulaze pema, akupe kivuli, akupe na mtani wa kukuudhi, maana bila mtani hutakaa sawa. Nakuahidi Mpishi hatalala. Nakuahidi kila chungu nitasoma namba yake kabla sijapakua. Na kila kitu kipya kitakachoingia chumba hiki, hata wakikileta na utepe, sitakiacha kama kilivyokuja.

Neno la siri utataka kulijua, nakujua. Hapa sikuandikii, karatasi haina kufuli na Selemani anasoma kila kitu. Baba Shani mwenyewe simtajii, amenuna siku mbili. Fundi ameniambia nilibadilishe kila baada ya muda, kwa hiyo hata nikikuambia leo litakuwa limechacha. Lakini siku tutakayoonana nitakunong'oneza sikioni lile la mwisho kabisa, nitakalokuwa nalo siku hiyo. Ila usinisubiri mlangoni. Nina watoto wa kulea, na surua inarudi kila mwaka. Nitakawia.

Mpwa wako,
Asumini